UZI: Viua vijidudu vya asili kama njia ya kuzuia mimba. Sayansi imefika wapi?

Msoma_Seli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Habari ya "mmea fulani unaua mbegu za kiume" haiishi. Kila ikiibuka tunagawanyika: wapo wanaoipokea kama siri iliyofichwa na madaktari, na wapo wanaoitupilia mbali bila kuisoma. Nimeifuatilia kwa muda mrefu na naiona ni muhimu, hasa kwa mwanamke ambaye homoni hazimpatani na anatafuta njia nyingine. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie.

Mimea, vyura, bakteria wa kwenye maziwa na hata miili yetu hutengeneza kemikali za kupambana na vijidudu. Nyingi kati ya hizo hufanya kazi kwa kuharibu utando wa nje wa kijidudu. Sasa itazameni mbegu ya kiume: ni seli moja inayoogelea peke yake, imefunikwa na utando mwembamba, na imeshaacha karibu kazi zote za kutengeneza protini mpya. Ikitobolewa haina namna ya kujiziba. Ndiyo maana kemikali inayoua bakteria mara nyingi huidhuru na mbegu.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha chura wa Afrika mwenye kucha, Xenopus laevis. Kuanzia miaka ya 1930 chura huyu alitumika kupima mimba. Chura jike alidungwa sindano yenye mkojo wa mwanamke, na kama angetaga mayai ndani ya saa kadhaa, mwanamke huyo aliambiwa ni mjamzito. Miongo kadhaa baadaye Michael Zasloff, mtafiti wa Marekani, alikuwa akiwapasua vyura wa aina hiyo hiyo kuchukua mayai kwa ajili ya kazi zake za maabara. Akimaliza anawashona na kuwarudisha kwenye tangi la maji yaliyojaa bakteria. Vidonda vilipona bila usaha. Akaichunguza ngozi yao, na mwaka 1987 akachapisha alichokikuta: vipande vifupi vya protini, yaani peptaidi, kila kimoja kikiwa na amino asidi (matofali yanayojenga protini) 23. Vinaitwa magainini.

Peptaidi za aina hii zina chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi upande wa nje, kwa hiyo peptaidi inavutwa, inajilaza juu ya utando, kisha inajipenyeza na kutoboa. Mbegu ya kiume nayo imevaa sukari nyingi zenye chaji hasi. Watafiti wa India waliona uwezekano huo, wakaijaribu magainini kwa wanyama wa maabara, ikasimamisha mbegu na kuzuia mimba.

Wakaijaribu pia nisini. Hii inatoka kwa Lactococcus lactis, bakteria wa maziwa, ina amino asidi 34, na viwanda vya chakula vimeitumia miaka mingi kuzuia jibini isiharibike. Kwenye lebo huandikwa E234. Kwenye maabara mbegu za binadamu ziliacha kutembea ndani ya muda mfupi sana. Sungura waliowekewa nisini ukeni kabla ya kupandwa hawakushika mimba, na ukuta wa uke ulipochunguzwa kwa hadubini haukuwa na majeraha.

Matokeo hayo ni mazuri, lakini ni ya wanyama. Na kwenye jambo hili, kuua mbegu ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye kupata kitu kinachoiua mbegu huku kikiziacha salama seli za uke pamoja na bakteria wema wanaoishi humo. Hapo ndipo nataka tujadili.

Binti_wa_Maswali

Asante mkuu kwa mada. Naomba kuuliza bila kuzunguka: vipi kuhusu maji ya ndimu? Dada yangu mkubwa aliniambia wanawake wa zamani walichovya kipande cha pamba wakajiwekea, na kwamba hata wazungu wamethibitisha.

Msoma_Seli

Dada, swali zuri, na aliyokwambia dada yako hakuyatunga. Profesa Roger Short wa Australia aliipigia debe ndimu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ni kweli kwamba juisi ya ndimu ikichanganywa na shahawa kwenye kikombe cha maabara, mbegu zinakufa.

Tatizo linakuja ikitoka kwenye kikombe. Uke wenye afya una tindikali, pH yake (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) ni kama 3.8 hadi 4.5, na tindikali hiyo peke yake haipendwi na mbegu. Shahawa nazo zina pH ya 7.2 hadi 8, na zimeumbwa hivyo makusudi. Zikimwagwa zinaizima tindikali ya uke ndani ya muda mfupi sana, na mbegu za mwanzo huingia kwenye ute wa mlango wa kizazi ndani ya dakika chache. Zikishafika huko, ndimu iliyobaki ukeni haizifikii. Ili ishinde nguvu ya shahawa, ndimu lazima iwe kali na nyingi. Wanawake waliojitolea kwenye utafiti wakawekewa juisi isiyochanganywa na maji walipata michubuko ya ndani ya uke. Mchubuko ni mlango kwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Usijiwekee ndimu, iwe kabla au baada.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Nimekuja kuongezea hapo kwa Msoma_Seli kwa sababu hili naliona kazini. Wanawake wanakuja na uke umevimba na kuwaka moto, na ukiuliza kwa upole unaambiwa "nilijisafisha na kitu cha asili". Wengine walikuwa wanazuia mimba, wengine wanaondoa harufu. Wengi wanaona aibu kusema, wanakaa na maumivu siku nyingi. Dada zangu, semeni mapema, hakuna nesi mwenye utu atakayekucheka.

Kingine ningeomba mleta mada agusie nonoksinoli-9. Hiyo haikuwa ya asili lakini ndiyo iliyotufundisha kuogopa.

Msoma_Seli

Shukrani sana sista, umenitangulia.

Nonoksinoli-9 ni dawa ya kuua mbegu iliyotumika duniani kwa miongo mingi, kwenye jeli, povu na hata kwenye mafuta ya kondomu. Kikemia ni sabuni. Inayeyusha mafuta yaliyo kwenye utando wa seli na mbegu inakufa. Maabara ilionyesha inaua pia VVU, pamoja na bakteria wa kisonono na klamidia, kwa hiyo watu walitumaini chupa moja ingezuia mimba na maradhi kwa pamoja.

Dalili mbaya zilianza mapema. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1992, ambao wanawake wanaofanya biashara ya ngono walitumia sponji yenye dawa hiyo, ulionyesha vidonda vya sehemu za siri vinaongezeka na VVU haipungui. Kisha likaja jaribio kubwa lililohusisha wanawake wanaofanya kazi hiyo hiyo Benin, Kodivaa, Afrika Kusini na Thailand, matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliotumia nonoksinoli-9 waliambukizwa VVU zaidi kuliko waliopewa jeli ya kulinganishia. Kwa waliotumia mara nyingi zaidi kwa siku, hatari ilikaribia maradufu. Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba mwanamke aliye katika hatari kubwa ya VVU asiitumie.

Sababu ni hiyo hiyo sabuni. Haichagui. Inaichana mbegu, inamchana bakteria, na inazichana seli za uke zilizokuwa ngome ya mwanamke. Hawa walikuwa wanawake halisi waliokubali kujaribu dawa wakiamini inawalinda, na mimi siwezi kuisoma hiyo ripoti harakaharaka. Mtu yeyote anayeuza "kiua mbegu cha asili" leo anapaswa kwanza atuonyeshe kwamba chake hakifanyi hivyo.

Mtetezi_wa_Mitishamba

Mkuu nakuheshimu lakini unachanganya mambo. Nonoksinoli ni kemikali ya kiwandani. Mwarobaini ni mti wa Mungu, umetumika vizazi na vizazi, unaua fangasi, unaua bakteria, na wahindi wamethibitisha unazuia mimba. Kwa nini tuuhukumu kwa makosa ya kiwanda?

Msoma_Seli

Ndugu yangu, nami nakuheshimu, na upande wa India uko sahihi. Mafuta ya mwarobaini yalizuia mimba kwa panya, na kikundi cha Profesa G. P. Talwar kule India kilitengeneza dawa ya kuweka ukeni iitwayo Praneem. Ilifika hadi majaribio kwa wanawake. Kazi ile naiheshimu mno kwa sababu walianza na mti ambao watu wanaujua, wakaupitisha kwenye vipimo vya usalama kama dawa nyingine yoyote.

Lakini tazama ndani yake kulikuwa na nini: dondoo ya mwarobaini, saponini za tunda liitwalo reetha, na kwinini. Saponini ni sabuni ya mmea. Reetha ni tunda ambalo watu wa huko hulitumia kufulia nguo, linatoa povu kabisa. Utando wa seli haujui kama sabuni imetoka mtini au kiwandani, unayeyuka vilevile ikizidi. Kilichowafanya wale watafiti wathubutu kumpa mwanamke ni kupima kiasi, pH, na kuangalia uke kwa hadubini kabla na baada. Mtu anayekamua majani nyumbani hana kipimo hata kimoja kati ya hivyo. Mti mmoja una viini vingi kuliko mwingine, msimu mmoja tofauti na mwingine, na mafuta ya sokoni huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Siuhukumu mwarobaini. Naomba upewe heshima ya kupimwa.

Mtunza_Kumbukumbu

Nichangie upande wa historia kidogo. Papirasi, yaani nyaraka za Misri ya kale, zina dawa za namna hii. Ile ya Kahun, ya kama mwaka 1850 kabla ya Kristo, inataja kinyesi cha mamba, asali na magadi. Ile ya Ebers, ya kama 1550 kabla ya Kristo, inataja ncha za mgunga zilizosagwa pamoja na tende na asali, zikapakwa kwenye pamba au nyuzi na kuwekwa ukeni. Huwa tunasoma tunashangaa, lakini gundi ya mgunga ikichacha inatoa asidi ya laktiki.

Msoma_Seli

Mzee wangu, hapo umegusa penyewe, maana asidi ya laktiki ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Turudi kwenye uke wenye afya. Ile tindikali niliyoitaja haitoki hewani. Inatengenezwa na bakteria waitwao laktobasili, ndugu wa karibu wa wale wanaochachusha maziwa. Wanakula sukari inayotokana na seli za ukuta wa uke, wanatoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo inawafukuza vijidudu vibaya. Kwa maneno mengine mwanamke ana kiua vijidudu chake cha asili saa zote. Shahawa zinakizima kwa muda, mbegu zinapita, kisha kinarudi.

Wazo likawa jepesi: vipi kama tukizuia shahawa zisiizime tindikali hiyo? Mei 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha jeli iitwayo Phexxi, yenye asidi ya laktiki, asidi ya sitriki na potasiamu bitatreti. Mwanamke anajiwekea gramu 5 kwa bomba maalumu ndani ya saa moja kabla ya tendo, na anarudia kwa kila tendo. pH inabaki chini hata shahawa zikiingia, mbegu zinashindwa kuogelea. Haina homoni, na haikuundwa kuchana utando kama sabuni.

Sasa namba, kwa sababu bila namba tunadanganyana. Kwenye jaribio la wanawake wapatao 1,400, takriban 14 kati ya 100 walipata mimba ndani ya mizunguko saba ya hedhi. Viua mbegu vingine vikitumika peke yake kwa mwaka mzima, kwa matumizi ya kawaida ya watu, kama wanawake 21 kati ya 100 hupata mimba. Kondomu ya kiume ni kama 13 kati ya 100 kwa mwaka. Kitanzi cha shaba hakifiki mmoja kati ya 100, na vipandikizi viko chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwanamke ambaye mimba ingekuwa hatari kwa maisha yake asitegemee jeli ya aina yoyote peke yake. Na jeli hii haizuii VVU wala magonjwa mengine ya zinaa.

Fundi_Swali

Mkuu nimekupata. Lakini kuna kitu kinanitatiza. Kama kemikali za kuua vijidudu zinaua mbegu, na mwili wa mwanaume nao una kinga yake, mbona mbegu hazifi zikiwa bado ndani ya mwanaume?

Msoma_Seli

Hili swali limenifurahisha, maana jibu lake ni zuri kuliko hadithi yoyote ya kubuni.

Shahawa zina kiua vijidudu chake ndani, ila kimefungwa. Ni protini iitwayo hCAP-18. Ikiwa nzima imetulia, haimgusi mtu, na kwenye shahawa ipo kwa wingi. Ndani ya shahawa kuna pia kimeng'enya kiitwacho gastrisini, ndugu wa vimeng'enya vya tumboni, ambacho hakifanyi kazi mpaka kikutane na tindikali. Shahawa zikimwagwa, tindikali ya uke inazimika kwanza, mbegu zinapata nafasi ya kupita. Baadaye uke ukirudisha tindikali yake, gastrisini inaamka, inaikata ile hCAP-18, na kipande kinachotoka ni peptaidi kali dhidi ya bakteria. Mbegu zilizokusudiwa kupita zimeshapita. Usafi unafanyika nyuma yao.

Kipande hicho ni ndugu pacha wa peptaidi ya binadamu iitwayo LL-37. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 2014 kwamba mbegu zikikutanishwa na LL-37 mapema, kabla ya wakati wake, zinapoteza uwezo wa kurutubisha yai, na panya jike waliowekewa mbegu pamoja na LL-37 walizuiwa kushika mimba kwa kiasi kikubwa. Mwili wenyewe unayo dawa. Wao waliubadilishia saa tu.

Na mbegu yenyewe imevaa nguo ya ulinzi. Juu yake kuna protini ya jamii ya difensini, familia ile ile ya viua vijidudu, inaitwa DEFB126. Imebeba sukari zenye chaji hasi zinazoisaidia mbegu kupenya ute wa mlango wa kizazi na kutoonekana na kinga ya mwanamke. Mwaka 2011 ilichapishwa kwamba wanaume waliorithi kasoro ya jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huchelewa zaidi kupata watoto. Kwa hiyo familia moja ya protini inaua vijidudu na pia inaibeba mbegu salama. Ndiyo maana nasema watafiti hawakulazimisha uhusiano kati ya haya mambo mawili, wameukuta upo.

Baba_Wawili

Naona mzigo wote anabebeshwa mwanamke. Sisi wanaume hakuna kitu cha asili?

Msoma_Seli

Kilikuwepo kaka, na kilikaribia. Gosipoli, kemikali ya mpamba. Mmea unaitengeneza kujilinda na wadudu na vijidudu. Kule China iligundulika kwamba katika vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya mbegu za pamba, watoto walikuwa hawazaliwi. Miaka ya 1970 ikajaribiwa kama kidonge kwa wanaume zaidi ya 8,000, na ilizuia mbegu kwa zaidi ya asilimia 90 yao. Hii haitoboi mbegu zikiwa njiani, inavuruga utengenezaji wake kwenye korodani.

Kilichoiangusha ni mambo mawili. Baadhi walishuka potasiamu mwilini hadi misuli ikalegea kabisa, na wengine, zaidi ya mmoja kati ya kumi, mbegu hazikurudi hata baada ya kuacha dawa. Mwaka 1998 kikundi cha utafiti cha Shirika la Afya Duniani kilishauri iachwe. Ilikuwa ya asili kabisa, kutoka kwenye mafuta ya kupikia.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Basi mkuu tuambie, hizi nisini na magainini zimekwama wapi? Miaka yote hii na bado tuko kwa sungura.

Msoma_Seli

Sista, kwa ninavyoona zimekwama sehemu tatu. Peptaidi huvunjwa haraka na vimeng'enya vya mwilini, na shahawa zimejaa vimeng'enya hivyo. Kuzitengeneza kwa usafi wa dawa ni ghali kuliko kutengeneza asidi, ambayo ni ya bei ya chini mno. Na baada ya nonoksinoli-9, halafu jeli ya selulosi salfeti ambayo majaribio yake makubwa yalisimamishwa Januari 2007 kwa hofu kwamba inaongeza VVU badala ya kuipunguza, wafadhili wakawa waoga kwa haki kabisa.

Mimi sipendekezi zitupwe. Nisini imeliwa kwenye jibini kwa miongo mingi, hilo ni jambo la kuanzia, ingawa tumbo na uke ni sehemu tofauti. Ila ninachotaka kuona kwanza, kabla ya habari nyingine ya panya, ni vipimo vya muda mrefu kuhusu laktobasili. Nisini inaua bakteria wa jamii ya Gram chanya (kundi la bakteria wenye ukuta mnene), na laktobasili ni wa kundi hilo hilo. Ukizuia mimba kwa kuua walinzi wa uke umemwachia mwanamke matatizo mengine ya kila mwezi.

Binti_wa_Maswali

Nashukuru sana, nimejifunza. La mwisho: mimi huwa napata UTI mara kwa mara. Hiyo jeli ya asidi ingenifaa?

Msoma_Seli

Hapana dada, wewe ni kati ya wanaoshauriwa waiepuke. Kwenye majaribio wachache, chini ya mmoja kati ya 100, walipata maambukizi ya kibofu au ya figo, na maelezo ya dawa yanasema mwenye historia ya UTI za kujirudia au kasoro ya njia ya mkojo asiitumie. Haichanganywi pia na pete ya kuzuia mimba inayovaliwa ukeni. Viua mbegu vyenye nonoksinoli-9 navyo vinajulikana kuongeza UTI, hivyo kondomu ukichagua angalia pakiti, chukua isiyo na dawa hiyo. Kama unataka isiyo na homoni na ya muda mrefu, muulize mhudumu wa afya kuhusu kitanzi cha shaba, na mweleze habari ya UTI kabla hajaanza kukupima.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Naunga mkono. Na mdogo wangu, hiyo UTI ya kila mara usiizoee. Nenda mkojo uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inamuua, usinunue tu vidonge dukani kila ikirudi. Ukipata majibu yaweke hapa au nitumie faragha, tutayasoma pamoja.